Kisima na Choo katika Bulla za Zamani za Wajir

Mji wa Wajir ulianzishwa kama kituo cha serikali ya kikoloni mwaka 1912, na kilichouweka mahali hapo ni maji. Visima vya Wajir vilinywesha ngamia kwa vizazi vingi kabla ya bendera yoyote kupandishwa. Mpaka leo, katika sehemu nyingi za mji, maji yako karibu sana na uso wa ardhi hata mtu huyafikia kwa kuchimba kwa mkono. Ndiyo sababu nyumba nyingi katika bulla za zamani zina kisima uani.

Ukaribu huohuo umekifanya choo cha shimo kuwa hatari. Kwa kawaida sakafu ya shimo inatakiwa iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Wajir shimo halijawa refu, tayari limekutana na maji. Kwa hiyo kwa miongo mingi, tangu enzi za ukoloni, mji ulitumia vyoo vya ndoo: ndoo chini ya tundu, kilango kidogo upande wa nyuma, na mfanyakazi wa kuja kuizoa. Wafanyakazi hao walidharauliwa na wengi, ingawa bila wao mji usingekalika. Ndoo iliyozolewa kwa wakati ililinda maji kuliko shimo. Ikichelewa, hufurika, na mvua husomba kila kitu hadi visimani.

Mambo yalibadilika watu walipoongezeka. Wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960 familia nyingi za wafugaji zilikusanywa kukaa karibu na vituo vya serikali. Ukame wa 1984 ukamaliza mifugo ya wengi, nao wakahamia mjini na hawakurudi malishoni. Ua wa miiba ukawa ukuta wa mawe, na herio ikawa nyumba ya mabati. Watoto wakaoa, kila mmoja akapewa kipande chake ndani ya kiwanja cha baba.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Chukua kiwanja cha mfano cha mita 30 kwa 30, chenye kisima kimoja na choo kimoja. Mwongozo unaotajwa mara nyingi unataka mita 30 kati ya kisima na choo, na mzee wa kwanza aliweza kuitimiza kwa kuweka kimoja pembe hii na kingine pembe ile. Kiwanja kikigawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja anabaki na mita 15 kwa 15. Kutoka pembe hadi pembe ya kipande hicho ni kama mita 21 tu. Hata mwenye kipande awe mwangalifu kiasi gani, umbali ule haupatikani tena ndani ya ukuta wake. Na akikisogeza choo hadi mwisho wa ua, huenda amekisogeza karibu na kisima cha ndugu yake.

Aina ya ardhi nayo inaongeza tatizo. Katika mchanga laini maji hupita polepole, na vijidudu vingi hunaswa au kufa njiani. Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa, na mwamba wa namna hiyo una nyufa ambamo maji hukimbia bila kuchujwa vya kutosha. Mita 30 hapa si kinga ya uhakika. Mvua kubwa zikija, kama zile za El Niño za 1997 na za mwisho wa 2023, maji ya ardhini hupanda, na shimo lililokuwa kavu Septemba linaweza kuwa ndani ya maji Novemba.

Tatizo hili si la Wajir peke yake. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Kisima kilipochunguzwa baadaye, shimo la maji taka la nyumba ya jirani lilikutwa likivuja, karibu mita moja tu kutoka hapo. Katika eneo letu, mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliwafikia watu wa Garissa, Wajir na Mandera.

Wakazi wengi huyapima maji kwa ulimi: yenye chumvi ni mabaya, yasiyo na chumvi ni mazuri. Kipimo hicho kinafaa kwa chai, lakini vijidudu havina ladha. Maji matamu kabisa yanaweza kuwa na kinyesi ndani yake.

Maji ya kunywa yanaweza kutibiwa nyumbani. Kuyachemsha kunaua vijidudu, ila kuni na makaa ni ghali, na chumvi haiondoki. Nitrati inayotokana na vyoo haiondoki pia, nayo ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga. Dawa ya klorini hufanya kazi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, baada ya kusubiri dakika 30. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Jua la Wajir nalo ni dawa ya bure: maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, iliyolazwa juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Kumwaga klorini kisimani husaidia kwa muda tu, kwa kuwa maji yale yanatembea.

Kisima chenyewe kinahitaji mdomo ulioinuliwa kwa saruji, kifuniko, sakafu ngumu inayoteremsha maji yaliyomwagika, na ndoo moja na kamba yake isiyolala chini. Punda na mkokoteni wake wasimame mbali, na hori la mifugo liwe nje ya sakafu hiyo.

Kuhusu choo, kinachofaa zaidi hapa ni kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye vyumba viwili vilivyojengwa bila kuvuja. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kuzolewa, na majivu hutiwa kila baada ya matumizi. Vyoo vya aina hii vimeshindwa mahali pengi kwa sababu mjenzi alisahau kwamba watu hapa hujisafisha kwa maji. Maji yakiingia chumbani, kinyesi hakikauki. Lazima pawe na sehemu ya kutawadhia yenye mfereji wake, unaoelekea mbali na kisima. Fundi aambiwe mapema pia kuhusu upande wa kibla, maana choo kilichokosewa mwelekeo hubaki bila mtumiaji hata kikiwa kizuri namna gani.

Tangi la maji taka ni sawa ikiwa lina sakafu na kuta zilizopigwa plasta. Mengi yanayoitwa matangi hayana sakafu, kwa hiyo ni mashimo yaliyofunikwa kwa zege. Tangi halisi hujaa, na likijaa linahitaji lori la kunyonya maji taka. Ukuta uliosogezwa barabarani mita mbili leo unaweza kuwa ndio unaolizuia lori hilo kesho.

Kwa kuwa maji ya majirani ni yamoja, nyumba moja ikijenga choo kizuri na tano zikabaki na mashimo, kisima hakijapona. Inafaa nyumba zinazozunguka kisima kimoja zikae pamoja na wazee wa bulla, zichague kisima kitakachobaki cha kunywa, na vyoo vyote vilivyo karibu nacho viondolewe kwanza. Visima vingine vitumike kwa kufua na kwa mifugo. Afisa wa afya ya umma anaweza kuombwa achukue sampuli ya maji, na wahamasishaji wa afya ya jamii waonyeshe matumizi ya klorini nyumba kwa nyumba. Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za maji na usafi, na kifungu cha 43 kinamhakikishia kila mtu maji safi na salama. Kwa hiyo ombi la bulla nzima, likiwasilishwa kwenye kikao cha umma cha bajeti pamoja na matokeo ya sampuli hizo, lina msingi.

Buna, Griftu na Eldas bado zina nafasi ambayo bulla za Wajir zimeipoteza. Viwanja vinapopimwa huko, njia ya lori na mahali pa kisima cha pamoja vinaweza kuachwa wazi sasa, kabla ya mtoto wa kwanza kuoa na kuomba kipande chake.