Kituo Kujitambua katika Mtandao wa Kompyuta Kuu

Kompyuta kuu hutumikia watu wengi kwa wakati mmoja. Kazi zinazoletwa kwake hupangwa foleni kwenye diski, hutekelezwa kwa zamu, kisha majibu huchapishwa. Mpangaji wa foleni hiyo ni programu. Mojawapo iliyo mashuhuri ni JES2 ya kampuni ya IBM, iliyotokana na HASP, programu iliyotungwa Houston, Marekani, katika miaka ya 1960.

Kompyuta hizo zikiunganishwa, kazi iliyopokelewa mahali pamoja huweza kutekelezwa mahali pengine na kuchapishwa mahali pa tatu. Je, kazi itafikaje iendako?

Jina na nambari

Kila kituo cha mtandao hupewa jina lisilozidi herufi 8. Aidha, kila kituo huwa na orodha yake inayooanisha majina na nambari. Jina ni la mtandao mzima, na vituo viwili havina ruhusa ya kushiriki jina moja. Nambari, kwa upande wake, ni ya matumizi ya ndani. Kituo kimoja huweza kukipa jirani nambari 2, na kingine kikampa nambari 7, pasiwe na kasoro. Kwani kinachosafiri pamoja na kazi ni jina.

Mfano

Tuchukue vituo viwili, KUSINI na PWANI. Huko KUSINI huandikwa hivi:

NJEDEF OWNNODE=1
NODE(1) NAME=KUSINI
NODE(2) NAME=PWANI

Mstari wa kwanza hukiambia kituo kuwa nambari yake mwenyewe ni 1; wa pili humpa nambari hiyo jina. Kazi yenye jina la KUSINI huingia katika foleni ya hapo. Yenye jina la PWANI huelekezwa kwenye njia iendayo huko.

Sasa tuseme mtu ameandika OWNNODE=2. Maandishi hayo hayana kosa la kanuni, lakini KUSINI itajidhania kuwa PWANI. Kazi za PWANI zilizoingizwa hapo zitabaki hapo hapo. Zikiwa ni hati za mishahara, zitachapishwa mbele ya wasiohusika, ilhali wenyewe wanazingoja.

Ikumbukwe pia kuwa kompyuta kadhaa zinazotumia foleni moja ya JES2 huhesabiwa kituo kimoja. Jina ni la foleni, si la mashine.

Utaratibu huu wa majina ulienea pia katika vyuo vikuu kwa njia ya BITNET, mtandao ulioanza mwaka 1981 kati ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Chuo Kikuu cha Yale.

Maswali

1. PWANI imeipa KUSINI nambari 5. Je, kazi zitapotea? Eleza.
2. Kompyuta tatu zinatumia foleni moja. Zinahitaji majina mangapi ya kituo?
3. Vituo viwili vikiwa na jina moja, ni madhara gani yatakayotokea?