SOMO LA SITA: UBAO WA HABARI USIO NA BWANA
Jinsi ya kuunganisha kompyuta mpya ya nyumbani na vikundi vya habari



Katika darasa letu la Kuluba mzee mmoja, aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kukata miwa huko kusini, alituletea habari njema pamoja na swali. Habari njema ni kwamba wanawe wamemnunulia kompyuta. Swali lake lilikuwa hili: "Nimesikia kuna vikundi vya habari ambamo watu wa dunia nzima huulizana na kujibizana. Vinafunguliwaje? Na vina faida gani kwa mtu kama mimi?"

Swali hili si la mzee huyo peke yake. Sisi wa Koboko na Arua tuna ndugu Kakira, Lugazi, Kampala, ng'ambo ya mpaka kule Aru na Ariwara, na wengine wako Ulaya. Mfanyakazi aliye mbali na wenzake hudanganywa kwa urahisi. Kwa hiyo tumeona vema somo hili liwe la kazi ya mikono: tueleze kikundi cha habari ni kitu gani, tukiunganishe hatua kwa hatua, kisha tuseme wazi hatari yake.

1. KIKUNDI CHA HABARI NI NINI?

Kila kiwanda kina ubao wa matangazo karibu na lango. Mara nyingi ubao huo una kioo na kufuli, na ufunguo uko kwa karani. Likibandikwa jambo lisilompendeza mkubwa, asubuhi hulikuti.

Sasa fikirini ubao wa namna nyingine. Kila kijiji kina nakala yake. Mtu wa Kuluba akibandika swali, dereva wa lori hulichukua hadi Koboko, mwingine hulifikisha Arua, na kila linapopita huachwa nakala. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ubao wa Koboko ukiungua moto, maneno bado yapo Arua na Kuluba. Hakuna mwenye ubao wote.

Hivyo ndivyo ulivyoundwa mtandao unaoitwa Usenet. Uliwazwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ukaanza kufanya kazi mwaka 1980. Hawakuwa na mitambo ya fahari. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu, zikabadilishana maandishi, kisha zikakata. Mwaka 1986 ilitolewa kanuni iitwayo NNTP ya kupitisha habari hizo katika intaneti, nayo inatumika hadi leo. Kompyuta inayotunza nakala na kuzigawa huitwa seva.

Uganda nayo ilipita katika njia ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika, Charles Musisi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha kituo kilichoitwa MUKLA. Barua zilikusanywa katika kompyuta moja Kampala, kisha zikapelekwa kwa simu hadi kituo cha GreenNet mjini London, ambacho kilizisambaza duniani. Aliyetaka habari alisubiri zamu ya simu, lakini habari zilifika.

2. KWA NINI TUJISUMBUE NA CHOMBO CHA ZAMANI?

Kijana mmoja darasani alituuliza hivyo hivyo. Alisema simu yake inatosha. Tukamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni gharama. Barua moja ya kikundi cha habari ni maandishi matupu, yapata kilobaiti 4. Barua 500 ni megabaiti 2 hivi, yaani kama picha moja tu ya simu. Mwenye kununua bando kwa mshahara wa kibarua anaelewa hesabu hiyo.

La pili ni bwana wa ubao. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ilibadilishwa ikawa asilimia 12 juu ya bando. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook haikurudi pamoja nayo. Tusidanganyike: intaneti ikizimwa, vikundi vya habari navyo havipati barua mpya. Lakini zile ulizokwisha kuzishusha hubaki nyumbani kwako, na hakuna kampuni moja inayoweza kufunga ubao wote. Februari 2024 kampuni kubwa ya Google iliacha kupokea na kupeleka barua za Usenet. Je, Usenet ilikufa? Haikufa. Seva nyingine ziliendelea na kazi kama kawaida.

La tatu ni umoja. Septemba 1995 wafanyakazi wa bandari ya Liverpool, Uingereza, wapatao 500 walifukuzwa kazi. Magazeti makubwa yaliwaandika kidogo sana. Wenzao waliokuwa na kompyuta, chini ya jina la LabourNet, walisambaza habari zao ulimwenguni, na tarehe 20 Januari 1997 wafanyakazi wa bandari nyingi za nje walifanya vitendo vya kuwaunga mkono siku moja. Mgomo wao uliisha Januari 1998 bila kurudishiwa kazi, na hilo tusilifiche. Kompyuta peke yake haimshindi tajiri. Lakini kwa zaidi ya miaka miwili hawakuwa peke yao, na bila habari wangekuwa peke yao tangu juma la kwanza.

3. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: umeme. Kompyuta ya kubebeka hula wati 40 hadi 60 hivi. Sola ya wati 100 yenye betri nzuri huiendesha saa mbili tatu jioni, na simu kadhaa zikachajiwa pia. Kompyuta ya mezani hula zaidi. Pimeni kabla ya kununua.

Hatua ya pili: intaneti. Washa simu igawe mtandao wake, kisha uiunganishe kompyuta. Kabla ya hapo zima masasisho ya kompyuta yanayojishusha yenyewe. Kompyuta mpya ina njaa. Inaweza kumaliza bando la wiki kwa nusu saa kabla hujasoma hata neno moja. Fanyeni masasisho hayo siku mkiwa mahali penye mtandao wa bei nafuu, msiyaache kabisa, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya ya wezi.

Hatua ya tatu: programu ya kusomea. Thunderbird hutolewa bure, na husoma barua pepe na vikundi vya habari pia. Ishusheni mara moja, muitunze katika flashi, mpatiane.

Hatua ya nne: seva. Iko seva iitwayo Eternal September inayotoa nafasi bure kwa wasomaji wa maandishi. Unajiandikisha kwa barua pepe, nao wanakupa jina la kuingilia na neno la siri. Yaandike katika daftari. Daftari hilo likae kwa katibu, si juu ya meza.

Hatua ya tano: kuunganisha. Fungua Thunderbird, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, uongeze akaunti mpya ya aina ya "Newsgroup". Utaulizwa mambo haya:
- jina litakaloonekana juu ya barua zako;
- anwani ya barua pepe itakayoonekana;
- jina la seva: news.eternal-september.org

Ukimaliza, ingia katika mipangilio ya seva hiyo. Chagua usalama wa SSL/TLS, na mlango uwe namba 563. Namba 119 pia hufanya kazi, lakini bila kinga maneno hupita wazi, na neno lako la siri laweza kusomwa njiani. Weka alama ya kuitaka programu iombe jina na neno la siri kila inapounganisha.

Hatua ya sita: kuchagua vikundi. Bonyeza akaunti hiyo, kisha "Subscribe". Orodha ina majina kwa maelfu, kwa hiyo ikishuka mara ya kwanza usiikatize. Majina husomwa kutoka kushoto kama anwani: neno la kwanza ni ukoo, yanayofuata ni nyumba. Comp ni mambo ya kompyuta, sci ni sayansi, soc ni jamii, misc ni mchanganyiko. Soc.culture.african, kwa mfano, ni jamii, utamaduni, Waafrika. Anzeni na news.newusers.questions, ambacho kiliwekwa kwa maswali ya wageni.

Hatua ya saba: kusoma bila intaneti. Programu itakuuliza kama unataka kushusha vichwa zaidi ya 500. Jibu 500 au pungufu. Kisha viwekee alama vikundi ulivyochagua ili vitunzwe kwa kusoma nje ya mtandao, ushushe, na uzime mtandao wa simu. Soma kwa nafasi, andika majibu kwa nafasi. Kesho unawasha dakika tano tu: yako yanakwenda, ya wengine yanakuja. Hivyo ndivyo walivyofanya wenzetu wa MUKLA.

Hatua ya nane: jaribio. Barua ya kwanza ya kujaribu ipelekwe katika misc.test, ambacho ni cha majaribio. Usiende kubisha hodi katika baraza la watu kwa neno "test".

Tuseme pia ukweli wa huko ndani. Lugha kubwa ni Kiingereza, vikundi vingi vimepoa, na vingine vimejaa matangazo ya walaghai. Vya kompyuta bado vina mafundi wanaojibu kwa subira. Soma juma zima kabla ya kuandika. Jibu jambo lililoulizwa, nukuu sentensi unayoijibu, acha matusi. Hizi ni adabu zile zile za mkutano wa tawi.

4. HATARI: UBAO HUU HAUFUTIKI

Hapa, ndugu, tunaomba msikilize sana.

Mwenzetu mmoja, kibarua katika kiwanda ambacho hatukitaji, alichoshwa na mizani iliyopunja uzito. Akaenda mtandaoni, akaandika yote hadharani: jina lake, idara yake, zamu yake, na jina la msimamizi. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Hazikupita wiki mbili, karatasi yenye maneno hayo ilikuwa mezani kwa mkubwa, na yeye yuko nje ya lango. Alipotujia tulipata taabu kumtetea, kwa sababu hakuna aliyepima mizani mbele ya shahidi, wala malalamiko hayakuwa yameandikwa katika kumbukumbu za tawi. Alisema kweli, lakini alisema peke yake, na alisema mahali ambapo hawezi kuirudisha.

Kule kwenye mtandao wa kijamii angalau mtu hufuta. Kwenye Usenet iko amri ya kufuta, lakini seva nyingi huipuuza, na nakala zimekwisha kutawanyika. Zipo barua za mwaka 1981 zinazosomeka hadi leo. Kwa hiyo tawi letu limeweka kanuni nne:

(a) Malalamiko ya kazini huenda kwanza kwa mwakilishi wa wafanyakazi, kwa maandishi, pamoja na tarehe na mashahidi. Hayaanzii mtandaoni.

(b) Anayeuliza kwa niaba ya tawi hutumia jina la tawi, si la mtu. Anwani inayoonekana iishie na neno .invalid, ili walaghai wasipate pa kutupa takataka zao. Lakini mjue kwamba mwenye seva anaweza kuitambua akaunti iliyotumika. Jina la bandia ni pazia tu.

(c) Hatutaji msimamizi, mlinzi wala mfanyakazi mwenzetu kwa jina.

(d) Barua ya kwenda nje isomwe na watu wawili kabla haijatumwa.

Kanuni hizi hazitunyimi kusema. Swali kama "Wenzetu mnaolipwa kwa uzito, mizani yenu hukaguliwa na nani, na mara ngapi?" linaweza kwenda duniani kote bila kumtoa mtu kazini, na majibu yake yanatufaa mezani siku ya majadiliano.

5. UBAO WETU WENYEWE

Jambo la mwisho. Iko programu ndogo ya bure iitwayo Leafnode, kwa kompyuta za Linux, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye wasomaji wachache na intaneti ya kubahatisha. Kompyuta moja ya tawi hushusha barua mara moja, wanachama wote wakazisoma. Inaweza pia kuwa na vikundi vya tawi peke yake visivyotoka nje. Hapo ndipo kumbukumbu za mikutano, hesabu za michango na taarifa za mizani zinaweza kukaa mbele ya macho ya wanachama. Hilo litakuwa somo letu la saba.

Yule mzee sasa hushusha habari zake kila jioni. Swali lake la kwanza lilihusu betri ya sola inayochoka mapema. Alilisomea darasa kabla ya kulituma, na wawili wetu tukalisahihisha, kama kanuni inavyotaka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ubao wa matangazo mahali penu pa kazi una ufunguo? Uko kwa nani?
2. Piga hesabu: wanachama kumi wakinunua bando kila mmoja, na wakishirikiana bando moja kwa kusoma nje ya mtandao, tofauti kwa mwezi ni shilingi ngapi?
3. Chukueni lalamiko moja la kweli la mahali penu. Liandikeni mara mbili: kwanza kwa mwakilishi wa wafanyakazi, kisha kama swali kwa wafanyakazi wa nchi nyingine. Ni maneno gani mmeyatoa, na kwa nini?

Umoja ni nguvu.