Mguu Haujafa

Mara nyingi nasikia watu wakisema kuwa aliyepigwa na kiharusi "mguu wake umekufa". Mimi nakataa! Kiharusi hudhuru ubongo, si mguu. Neva na misuli ya mguu huwa ingali hai, ila amri kutoka ubongoni haifiki. Ndiposa mgonjwa akitembea, vidole vinaburura chini na anajikwaa.

Mwaka wa 1961, daktari Liberson na wenzake huko Marekani walieleza mbinu ya kumsaidia. Swichi huwekwa chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, kijimashine kinapeleka umeme kidogo kwenye neva iliyo upande wa nje, chini ya goti. Msuli unajikaza, wayo unainuka, mtu anapiga hatua. Kisigino kikikanyaga, umeme unakatika. Mwaka wa 2009, NICE, taasisi inayoshauri hospitali za umma Uingereza, iliafiki njia hii.

Lakini jamani, tusijaribu nyumbani! Stima ya ukutani inaua. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Yetu sisi ni kuacha kumwambia mgonjwa mguu wake umekufa, maanake akiamini, hatajaribu hata hatua moja.