Kufundisha Watoto Kubuni Picha na Kuipangia Bei

Mwalimu-mwanafunzi hufundishwa kwamba somo la sanaa hukuza jicho, mkono na akili. Hayo ni kweli. Lakini mtoto wa darasa la sita huwa na swali jingine: "Mwalimu, mtu aweza kuishi kwa kuchora?" Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa vipindi vitatu.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipoanza kufundisha nilichora chui ubaoni, nikawaagiza watoto wamwige. Picha zote zilifanana, nami nikazibandika ukutani kwa fahari. Siku ya wazazi mama mmoja aliniuliza ipi ilikuwa ya mwanawe. Sikuweza kumwonyesha, hata mtoto mwenyewe hakuitambua yake. Nilikuwa nimefundisha kunakili, nikadhani nimefundisha kuchora.

Kipindi cha kwanza: Kisa cha mchoraji

Wasimulie watoto habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alifanya kazi za vibarua kabla ya kuanza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Alichorea juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alichora wanyama na ndege kwa namna yake mwenyewe. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka ambako wageni wengi walikwenda kununua mahitaji yao.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, waliomdhania kuwa mhalifu. Hivyo kazi yake ya uchoraji ilidumu takribani miaka minne tu. Hata hivyo wanafunzi wake, wengi wao wakiwa jamaa zake, waliiendeleza, na mwaka 1990 wachoraji wa mkondo huo waliunda chama chao cha ushirika. Leo jina lake ndilo jina la mtindo wenyewe.

Baada ya kisa, uliza: Vifaa vyake vilipatikana wapi? Wanunuzi walikuwa nani? Kwa nini waliipenda picha hii wakaiacha nyingine? Usiwajibie. Waongoze mpaka wataje wenyewe mambo matatu: vifaa vya bei nafuu, soko lililo karibu, na picha isiyopatikana kwingine.

Jambo la tatu lataka mazungumzo zaidi. Wanafunzi wa Tingatinga walianza kwa kumsaidia na kumwiga, na hilo si aibu. Fundi yeyote huanza hivyo. Ila vibanda vinapojaa tembo na twiga wanaofanana, mnunuzi hana cha kuchagua ila bei, naye atamwendea anayeuza rahisi. Mchoraji anayeleta jambo lake, kama vile soko la kijijini kwake au foleni ya zahanati, huwa na kitu ambacho jirani yake hana.

Kipindi cha pili: Kuchora

Siku moja kabla ya kipindi, waagize watoto wakatazame kitu kimoja nyumbani kwa makini: kuku aliyefungwa kamba, mtungi, baiskeli ya baba. Darasani, usichore chochote ubaoni. Vipande vya maboksi, mkaa na udongo mwekundu uliochanganywa na maji vyatosha kuanzia. Pita kati yao ukiuliza, "Uliona nini ambacho mwenzako hakukiona?" Usiishike kalamu ya mtoto ili kumsahihishia.

Mwishoni kila mmoja aandike jina lake pembeni mwa picha. Eleza kwamba jina hilo si pambo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mbunifu dhidi ya anayenakili kazi yake bila ruhusa.

Kipindi cha tatu: Bei

Hapa sanaa hukutana na hesabu. Toa mfano huu. Mchoraji amenunua ubao kwa shilingi 3,000 na rangi kwa shilingi 2,500. Brashi imechakaa kwa thamani ya shilingi 500. Amefanya kazi siku mbili, na kila siku aihesabu kwa shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 26,000. Mwenye duka atakayemuuzia picha huchukua moja ya tano ya bei. Je, bei iwe kiasi gani?

Wengi wataongeza moja ya tano ya 26,000 na kupata 31,200. Waache wahakikishe. Mwenye duka atachukua 6,240, na mchoraji atabaki na 24,960; amepoteza shilingi 1,040. Sehemu ya mwenye duka hutolewa katika bei, si katika gharama. Kwa hiyo 26,000 ni nne ya tano ya bei, na bei iliyo sahihi ni shilingi 32,500.

Wapo watakaosahau kabisa kuzihesabu zile siku mbili. Kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana mafundi wengi huuza kazi zao kwa bei ya vifaa, wakashangaa kwa nini hawaendelei.

Tathmini

Usipime kwa uzuri wa picha peke yake. Jiulize: Je, kila mtoto aweza kuitambua picha yake ukutani? Aweza kueleza alichokiona mwenyewe? Aweza kuonyesha jinsi alivyoipata bei?

Si kila mtoto atakuwa mchoraji, wala usimwahidi utajiri. Soko la picha lina miezi ya neema na miezi ya njaa. Bali sasa waweza kumjibu kwa haki yule aliyeuliza: naam, mtu aweza kuishi kwa kuchora, akiwa na jambo lake la kuonyesha na akijua kulihesabia jasho lake. Nawe, ndugu mwalimu, siku ya wazazi mama atakapouliza, mwache mtoto mwenyewe anyoshe kidole.