Udongo, Maramu na Mwamba: Lugha ya Matabaka ya Ardhi ya Nairobi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayepita Kileleshwa au Lavington hukutana na mashimo makubwa ya misingi ya majumba ya ghorofa. Wengi wetu huyakwepa kwa sababu ya vumbi. Makala haya yanamwomba msomaji asimame ukingoni kidogo, kwa kuwa ukuta wa shimo kama hilo, sawa na ukuta wa timbo la mawe, hudhihirisha jambo ambalo neno letu "mwamba" hulificha.

Tuanzie katikati ya jiji. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na kambi yake ikapigwa mahali tambarare penye majimaji. Kuanzia stesheni kuelekea mashariki, sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mhandisi hauamini, huuondoa kabla ya kujenga. Chini yake mara nyingi hupatikana maramu, ile changarawe yenye vidonge vya chuma inayochimbwa kwa ajili ya barabara, kisha mwamba. Ukipanda kuelekea magharibi, Kangemi, Dagoretti hadi Karen, ardhi huinuka, mvua huongezeka na maji hupata pa kupita. Huko udongo ni mwekundu na kina chake ni mita kadhaa. Udongo wote huu, mweusi na mwekundu, asili yake kuu ni mawe ya volkano yaliyooza. Kilichoutenganisha ni maji: pale yalipotuama na pale yalipopenya.

Mawe yenyewe yana majina ambayo wanajiolojia wameyazoea: fonoliti, trakiti na tufu. Fonoliti inatuhusu sisi wanaisimu zaidi ya tunavyodhani. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti, neno lile lile lililotupa fonolojia, kwa kuwa kipande chake kikigongwa hulia kama kengele. Mchimbaji mzoefu hulijua hilo bila Kigiriki: hugonga, husikiliza, na mlio mzito humwonya kwamba jiwe lina ufa. Fonoliti na trakiti ni ngumu, hivyo hupondwa kuwa kokoto. Tufu ni majivu ya volkano yaliyogandamana; ni laini kiasi cha kuchongwa, na ndiyo iliyotoa mawe mengi ya kujengea jiji hili. Tufu moja ya Nairobi imepewa jina la bonde la Kerichwa, kijito kipitacho katika mitaa hiyo hiyo ya magharibi.

Sasa tulirudie neno "mwamba". Katika Kiswahili cha pwani, mwamba ni kitu ambacho chombo hugonga kikavunjika. Ni alama ya uthabiti na ukomo. Mtu akiambiwa kwamba msingi umefika mwambani, hupumua. Nairobi hairuhusu utulivu huo. Lava ilimwagika kwa vipindi wakati volkano za ukanda wa Bonde la Ufa zilipokuwa zikilipuka, na kati ya kipindi na kipindi kulikuwa na majivu, matope ya maziwa na hata udongo wa kale. Kwa hiyo tabaka gumu laweza kukaa juu ya tabaka laini, na mwamba wa kale kabisa umezikwa mamia ya mita chini. Isitoshe, jiwe huoza kuanzia kwenye nyufa zake, likaacha majabali mazima yamezamia ndani ya udongo. Mtambo wa kutoboa ukigonga jabali hilo, asiyejua husema amefika. Mjuzi huendelea kutoboa mita kadhaa zaidi ndani ya jiwe ili athibitishe. Timboni kosa hili huua: tabaka laini la chini likichimbuliwa kwanza, lile gumu la juu hubaki likining'inia juu ya vichwa vya watu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini ripoti za udongo nilizowahi kuziona zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeshuka shimoni huelekezwa kwa Kiswahili. Mwelekezi akitumia "mwamba" kwa jabali lililozamia na pia kwa tabaka lililoshikamana, amemnyima msikilizaji habari anayoihitaji zaidi. Ninapendekeza tuyatenganishe: jabali liwe lile lililojitenga, mwamba uwe ule unaoendelea. (Tahadhari hii inatuhusu hata kwa majina ya mahali. Mtaa wa Kware, Mukuru kwa Njenga, haukuitwa kwa ndege. Jina limetokana na neno la Kiingereza la machimbo, hali "timbo" lipo.)

Nilipojaribu kutafsiri jedwali la shimo moja lililotobolewa Kileleshwa, udongo mwekundu ulinichukua dakika chache. Mstari wa trakiti iliyoharibika kiasi ulinichukua jioni nzima. "Iliyomomonyoka" haifai, kwa kuwa jiwe halijaondoka mahali pake. "Iliyochakaa" ni ya nguo. Nilimwendea fundi wa mtambo, mzee wa makamo, nikamweleza nilitakalo. Akakitazama kipande nilichokishika, akakisugua kwa kidole gumba kikatoa unga, akasema kwamba jiwe hilo limeoza nusu. Nikaandika "trakiti iliyooza nusu", nikaendelea na mstari uliofuata.