Jinsi Tulivyochagua Kompyuta ya Umeme Mdogo

Muhula uliopita taa za ukumbi wetu wa kusomea zilizimika mara nne katika juma moja, kila mara kama saa tatu na nusu za usiku. Wenzetu wa Kidato cha Nne walikuwa wamebakiza majuma machache tu kabla ya mtihani. Kiranja mkuu alisema kwamba kosa ni la kompyuta ya chama chetu, akataka iondolewe ukumbini. Nilikasirika sana, lakini nilipopiga hesabu niliona kuwa amesema kweli. Napenda kuwaeleza hesabu hiyo, pamoja na kosa nililokaribia kulifanya, ili shule nyingine zinazotumia umeme wa jua zisipoteze fedha.

Betri yetu ni ya volti 12 na ampea-saa 70. Ukizidisha, wapata wati-saa 840. Wati-saa moja ni umeme wa wati 1 utumikao kwa saa 1. Betri ya risasi haifai kumalizwa, kwa hiyo inveta yetu hujizima betri ifikapo nusu; basi zabaki 420. Ndani ya inveta hupotea kama 15 kwa kila 100, zikabaki 357. Taa zetu 8 za wati 9 zala wati 72, na kompyuta ya zamani pamoja na skrini yake ilikula wati 66. Jumla ni 138. Gawanya 357 kwa 138, utapata saa 2 na dakika 35. Tukianza kusoma saa moja, giza laingia saa tatu na dakika 35.

Ili tufike saa nne, taa peke yake zahitaji wati-saa 216. Zinazosalia ni 141 kwa saa 3, yaani kompyuta na skrini zisizidi wati 47.

Mwalimu mkuu alitupa fedha kidogo za kuunda kompyuta nyingine kwa vifaa vilivyokwisha tumika. Dukani tulikuta prosesa mbili za Intel. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Moja ilikuwa Core i3-8100, ambayo ni ya wati 65, na ya pili Core i3-8100T, ambayo ni ya wati 35. Hii ya pili ilikuwa ghali zaidi, lakini mimi nilikwisha amua.

"Mwalimu, tununue ya 35," nilisema. "Tutaokoa wati 30 mara moja!"

"Mwanangu," alijibu mwalimu wetu wa fizikia, "namba hiyo yakuambia feni yake sharti iweze kuondoa joto kiasi gani prosesa ifanyapo kazi nzito. Haisemi inakula nini unapoandika insha."

Akanieleza kwamba prosesa zote mbili ni za ukoo mmoja, kila moja ina viini 4. Tofauti yao kubwa ni mwendo: moja hufika gigahezi 3.6 na nyingine huzuiwa kwenye 3.1. Mtu anaposoma au kuandika, prosesa hupumzika karibu wakati wote, na zikipumzika ulaji wao hukaribiana sana. Ikija kazi fupi, ile ya mbio huimaliza mapema ikarudi kulala. Prosesa ya wati 35 yafaa zaidi katika sanduku dogo lisilopitisha hewa vizuri, au pale ambapo sharti kazi nzito isipite kiasi fulani cha umeme.

Basi tulichukua ile ya wati 65, na fedha zilizosalia tukazitumia mahali penye faida. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, tuliacha kadi ya picha. Kompyuta ya zamani ilikuwa nayo, ikila umeme hata bila kazi. Core i3-8100 ina sehemu ya picha ndani yake, nayo yatosha kwa masomo na filamu.

Pili, tulibadili diski. Diski kubwa ya kuzunguka hula kama wati 5 au zaidi wakati wote izungukapo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na ikipumzika mara nyingi haifiki wati 1.

Tatu, tuliangalia pawasaplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani. Ya zamani ilikuwa ya wati 500. Wengi hudhani kuwa kubwa ndiyo bora, kumbe pawasaplai ikibeba mzigo mdogo mno hupoteza sehemu kubwa ya umeme. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, huahidi kwamba angalau 80 kwa 100 ya umeme unaoingia hufika kwenye vifaa. Lakini alama ile ya kwanza hupimwa kuanzia mzigo wa 20 kwa 100. Kwa pawasaplai ya 500, hiyo ni wati 100, nasi hatuzifikii. Tulichukua ya wati 250 yenye alama.

Nne, tulipunguza mwanga wa skrini.

Tulitazama umri pia. Matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huikubali Core i3-8100. Kifaa cha bei rahisi kisichopokea programu mpya si rahisi.

Kompyuta ilipokwisha, tuliipima kwa mita tukiwa tunaandika. Sanduku lilikula wati 24 na skrini 18, jumla 42. Pamoja na taa ni 114, na umeme watosha saa 3 na dakika 8. Kazi nzito, kama kukata filamu, tumeziwekea mchana jua liwakapo.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Betri yetu haikumalizwa na prosesa peke yake; ilimalizwa na wati 5 hapa na 10 pale, ambazo hakuna aliyezihesabu. Basi ndugu zangu, kabla ya kununua, pigeni hesabu ya betri kwanza. Kiranja mkuu sasa hukaa karibu na kompyuta ile kila usiku, na saa nne ikifika ni yeye azimaye taa kwa mkono wake.