MWINDAJI ANAYEITA MBOLOKO

Katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, miti ni mirefu na majani yamefungana. Mtu hawezi kuona mbali. Kwa hiyo mwindaji wa msituni hutumia masikio kuliko macho. Anajua mlio wa kila ndege na wa kila nyama wa pori. Akisikia kindi akipiga kelele juu ya mti, anasimama kimya. Labda kindi ameona nyoka; labda amemwona mwindaji mwenyewe. Nyama wengine wanaosikia kelele hiyo wanajua kwamba hatari ipo.

Mwindaji naye ana sauti zake. Ziko za namna mbili: sauti ya kufukuza na sauti ya kuita.

1. Sauti ya kufukuza

Wambuti wanaowinda kwa nyavu huzifunga nyavu zao katika msitu kama nusu ya duara. Wanaume wanakaa karibu na nyavu na mikuki yao. Wanawake na watoto wanazunguka upande wa pili, wanakuja wakipiga kelele na kupiga majani kwa fimbo. Nyama wanaogopa, wanakimbia, wanaingia wavuni.

Wengine wanawinda kwa mbwa. Mbwa wa msitu ule habweki sana. Kwa hiyo wanamfunga shingoni kengele ya mti. Kengele ikilia, mwindaji anajua mbwa yuko wapi.

2. Sauti ya kuita

Kazi ya kuita haitaki kelele wala watu wengi. Mtu mmoja anatosha, au wawili. Nyama anayeitwa zaidi ni mboloko.

Mboloko ni paa mdogo sana. Urefu wake mpaka mabegani ni sentimeta 30 au 40, na uzito wake kilo 5 hivi. Anatembea mchana, anakula majani na matunda yaliyoanguka. Mara nyingi anafuata nyani na ndege chini ya miti, maana wao wakila juu, matunda mengi yanaanguka chini. Dume na jike wanakaa pamoja mahali pao. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Siku za kwanza mtoto hamfuati mama yake. Analala kimya katika majani, na mama anarudi kumnyonyesha.

Mboloko akikamatwa na adui, analia kwa sauti nyembamba. Wenzake wakisikia mlio huo, mara nyingi wanakuja kutazama. Hiyo ndiyo siri ya mwindaji. Anajificha, anabana pua kwa vidole viwili, kisha anatoa sauti puani: nyee! nyee! nyee! Anaita mara chache, ananyamaza, anasikiliza. Nyama wasipokuja, anaondoka, anakwenda kuita mahali pengine. Mvua ikinyesha haiti, kwa sababu maji yanayopiga majani yanafunika sauti yake.

Lakini mwindaji hakai ovyo. Anaweka mgongo wake kwenye mti mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu chui naye anapenda nyama ya mboloko, na masikio yake ni makali. Anayeita chakula chake anaweza kuitikiwa na chui!

3. Mshale uliobaki

Tazameni jambo hili, ambalo linaweza kumpata kila mwindaji.

Asubuhi moja baba na mwana wake waliingia msituni. Siku tatu nyumbani hapakuwa na nyama ya kula. Kijana alikuwa na uta wake mpya, na baba alikuwa amemwahidi hivi: «Leo mimi nitaita, wewe utapiga.»

Walikaa chini ya mti. Baba alibana pua, akaita. Kimya. Akaita tena. Ghafula majani yalitikisika, na mboloko mmoja akatokea mbio, akasimama wazi, hatua kumi tu mbele yao. Alikuwa jike. Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta aliyelia. Kijana alivuta uta wake mpaka mwisho.

Baba alimshika mkono polepole. Alikuwa ameona kiwele cha nyama yule, kilikuwa kimejaa maziwa. Kijana alimtazama baba yake, asielewe. Mboloko alisikia pumzi zao, akaruka, akapotea.

«Baba, kwa nini? Alikuwa wangu!»

«Mwanangu, ulimwona mmoja, lakini walikuwa wawili. Mtoto wake amelala katika majani, anangoja maziwa. Mshale wako ungeua nyama wawili, na sisi tungekula mmoja tu.»

«Na kama hatupati mwingine?»

«Basi, hatupati.»

Waliita tena mahali patatu. Hakuna aliyekuja. Jioni walirudi nyumbani na uyoga tu. Mama alipika sombe bila nyama, wakala. Kijana hakusema neno. Usiku, walipoota moto, alimwuliza baba yake: «Baba, yule mama alifikiri ni nani aliyelia?»

Baba alijibu: «Alifikiri ni mmoja wao. Ndiyo sababu sauti hii si mchezo. Nyama anayekimbizwa anaweza kujiokoa kwa miguu yake. Lakini anayeitwa anakuja mwenyewe, kwa sababu ya huruma yake. Anayejua kuita lazima ajue pia kuacha.»

4. Msitu unaweza kuwa kimya

Babu za Wambuti waliwinda Ituri muda mrefu sana kwa nyavu na mishale, wala nyama hawakwisha. Siku hizi wako watu wanaoingia na bunduki na mitego ya waya. Hawatafuti chakula cha nyumba yao tu, bali mizigo ya nyama ya kuuza katika miji. Mtego wa waya hauchagui: unakamata dume, jike na mtoto. Mwenye bunduki naye akiita bila kuchagua, anamaliza wakubwa na wadogo pamoja.

Mwaka 1992 Serikali ilitenga sehemu ya msitu wa Ituri, zaidi ya kilometa za mraba 13,000, iwe hifadhi ya okapi na nyama wengine. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Watu wanaokaa ndani yake wanahitaji msitu wenye nyama kuliko watu wote wengine. Ukimalizika leo, kesho watoto wao watakula nini?

Mungu alimpa mwanadamu akili kuliko nyama wote. Kwa akili hiyo mtu anajua kuiga sauti zao. Lakini hakupewa akili ili awadanganye tu, bali pia awatunze. Wazee wa Kiswahili wanasema: Akiba haiozi. Mboloko aliyeachwa leo na mtoto wake ni akiba ya msitu.

Maneno mapya

Kiwele: mahali pa maziwa penye nyama jike.
Kuiga: kufanya kama mwingine anavyofanya.
Kutenga: kuweka kando kwa kazi maalum.
Hifadhi: mahali nyama na miti wanapolindwa.

Maulizo

1. Sauti ya kufukuza na sauti ya kuita zinapitana namna gani?
2. Kwa nini mboloko anafuata nyani?
3. Kwa nini mwindaji anayeita anaweka mgongo wake kwenye mti?
4. Baba aliona nini ambacho kijana hakukiona?
5. Eleza maneno haya: «Mshale wako ungeua nyama wawili.»
6. Je, baba alifanya vema, ijapokuwa nyumbani hapakuwa na nyama ya kula? Toa sababu zako.

Kazi ya nyumbani: Waulize wazee wa nyumbani kwenu ni nyama au ndege gani wanaoitwa kwa sauti, na desturi gani zinamkataza mwindaji kuua ovyo. Andika mistari mitano.